Nyumba ya Mfalme Aliyekufa na Njaa ya Walio Hai

Kila mwaka fedha hutoka nchi za ng'ambo kuja Afrika, na sehemu yake hailishi mtu wala haimtibu mgonjwa, bali hushika kuta za kale zisianguke. Twasikia kwamba huko pwani ya Tanzania, katika kisiwa cha Kilwa, mataifa ya mbali yametoa fedha ili magofu ya wafalme yahifadhiwe, na mkubwa kati ya wafalme hao amekufa karibu miaka mia saba iliyopita. Sisi tukaao Masisi na Walikale tukisikia habari kama hiyo, swali latujia upesi: Je, ni haki? Watoto wetu wamelala miaka na miaka chini ya plastiki, mvua ikiwapiga, na huku tajiri wa mbali analitafutia jumba la marehemu fundi wa kuta.

Swali hilo si la wivu. Ni swali la haki, nalo lataka jibu lililofikiriwa. Mwenye hasira atajibu kwa neno moja, na mwenye kutafuta msaada atajibu kwa adabu ili asimchukize mtoaji. Sisi tusijibu kwa hasira wala kwa hofu. Tulitazame jambo lenyewe.

Kilwa na jumba lake

Kwanza tueleze habari, maana hukumu bila habari ni kelele tu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa pwani ya Tanzania. Zamani palikuwa na mji mkubwa wa biashara. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Ikapelekwa pwani ya Sofala katika Msumbiji. Ikapakiwa majahazini hata Kilwa, na huko wafalme wakajipatia ushuru wao. Kwa utajiri huo Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, alijenga jumba liitwalo Husuni Kubwa, juu ya jabali lielekealo bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, na nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Lote lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wataalamu waona kwamba sehemu zake nyingine hazikumalizika kamwe, wala watu hawakukaa humo muda mrefu. Mwaka 1505 Wareno wakafika na merikebu zao, wakauteka mji na kuupora. Baadaye miti na chumvi ya bahari vikaendelea na kazi ya kubomoa.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja Mwingereza, Neville Chittick, alifukua magofu hayo na kuyaeleza. Mwaka 1981 shirika la UNESCO likaandika Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakaandikwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zikianguka. Hapo Ufaransa ikatoa fedha; Marekani nayo ikatoa, kwa mfuko wa mabalozi wake wa kuhifadhi utamaduni; na shirika la World Monuments Fund likashiriki katika kazi. Wanakijiji wakafundishwa kutengeneza kuta kwa chokaa, na mikoko ikapandwa ili izuie mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ya hatari.

Hayo ndiyo mambo yaliyotendeka. Sasa tuwasikilize wenye kulalamika.

Hoja ya mwenye njaa

Mwenye njaa asema hivi: «Jiwe haliumwi na tumbo. Ukuta ukianguka leo, mtu hafi, isipokuwa yule aliyelala chini yake. Lakini mtoto akikosa chakula leo, kesho hayupo. Basi fedha zilizokwenda kwa jiwe zimenyang'anywa mtoto.»

Hoja hiyo ni nzito, wala sisi hatuna ruhusa kuicheka. Hapa kwetu si hoja ya vitabuni. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka zikavunjwa. Watu wengi waliotoka Masisi wakafunga mizigo yao tena, wakashika njia ya kurudi milimani, wengine wasikute nyumba wala shamba. Mwezi Machi mwaka huo vita vikafika hata Walikale mjini. Mtu aliyebeba sufuria na godoro kichwani mara ya nne au ya tano, ukimweleza habari za birika la pembe nane, atakutazama tu.

Wengine humjibu hivi: «Fedha zile hazikuwa zako. Kuna mfuko wa chakula na kuna mfuko wa magofu. Magofu yakikosa, si wewe utakayepata.» Ni kweli. Na mwaka 2025 ulituonyesha ukweli huo kwa ukali. Marekani ndiyo iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa msaada wa dharura katika Kongo. Mwaka huo ikakata misaada yake mingi, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa. Je, kuna mtu aliyesema: «Tunachukua fedha za kuta za kale ili tuziongeze katika unga wa watoto»? Hakuna. Mkono uliofumba ulifumba pote. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kila franka isiyokwenda kwa jiwe huja kwa mkate.

Walakini jibu hilo halitoshi. Aliyegawanya mifuko ni nani? Si mvua iliyoigawanya, wala si Mungu. Ni watu waliokaa mezani wakaandika: kwa chakula kiasi hiki, kwa kuta kiasi hiki. Mtu aliyejitengenezea mifuko miwili hawezi kusema mbele ya mwenye njaa: «Samahani, mkono wangu umeingia katika mfuko mwingine.» Basi kwa mtoaji swali labaki wazi, naye atajibu mwenyewe. Sisi twamwambia neno moja tu: uhai watangulia. Nyumba ikiungua, tunatoa watoto kwanza, halafu sanduku la baba. Hakuna mwenye akili atakayegeuza utaratibu huo.

Lakini angalieni vema. Kusema watoto kwanza si kusema watoto tu. Mwenye nyumba akishatoa watoto, kama kuna nafasi atarudi kwa sanduku, na hakuna jirani atakayemwita mpumbavu. Humo mna hati ya shamba lake.

Baba wa Zawadi

Sasa tuje kwa hoja ya pili, ambayo twaona ni ngumu kuliko ya kwanza. Yule mfalme alikuwa mtu wa namna gani, hata nyumba yake itunzwe?

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, alifika Kilwa, akaandika aliyoyaona. Asema mfalme aliitwa Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Zawadi, kwa ajili ya ukarimu wake. Asimulia kwamba siku moja mfalme alipokuwa akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo zile zile alizozivaa. Mfalme akarudi ndani, akavua, akampa. Watu wakamsifu sana. Kisha mwana wa mfalme akazirudisha nguo kwa kumlipa yule fukara, na malipo yake yalikuwa watumwa kumi. Mfalme aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wasomaji wetu, soma tena habari hiyo polepole. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli kwa fukara. Lakini zawadi yenyewe ilikuwa watu. Ibn Battuta huyo huyo aeleza kwamba mfalme alikuwa akienda bara kupigana na kuteka nyara. Wale ishirini walitoka wapi? Majina yao hayakuandikwa. Jina la mpaji tu ndilo lililobaki, pamoja na jumba lake.

Basi mtu aweza kusema: «Jumba hilo lianguke! Kwa nini tushike ukuta uliojengwa kwa ushuru wa dhahabu ambayo wachimbaji wake hawakufaidi, na kwa fahari ya mtu aliyegawa watumwa kama mbuzi?» Sisi wa Masisi na Walikale twafahamu vizuri maana ya maneno hayo. Koltani ya Rubaya hutoka Masisi, na bati la Bisie hutoka Walikale. Mawe hayo yamekwenda kujenga fahari ya miji ambayo wachimbaji hawataiona. Tukiona jumba la Kilwa, yatupasa kuuliza habari za mashimo ya dhahabu kule bara. Maana sisi ndio watu wa mashimo.

Tena tunayo mifano ya karibu. Mobutu alijijengea majumba huko Gbadolite, katikati ya msitu wa kaskazini, pamoja na uwanja ambapo ndege ya Concorde iliweza kutua. Mwezi Mei 1997 akakimbia, na majumba yakaporwa, na majani yakaingia vyumbani. Kama tajiri wa ng'ambo angekuja leo na fedha za kuyarudisha yang'ae kama zamani, tungesema nini? Twadhani wengi wetu tungekasirika, na kwa haki.

Hapa ndipo twaona tofauti kubwa, ambayo mara nyingi husahauliwa. Kuna kuhifadhi gofu, na kuna kurudisha fahari. Kuhifadhi gofu ni kulizuia lisianguke zaidi, likae kama lilivyo, na ufa wake uonekane. Kurudisha fahari ni kupaka rangi, kuweka milango mipya, na kumwambia mgeni: tazama ukuu wetu. La kwanza ni kama kutunza ushahidi. La pili laweza kuwa kusema uwongo kwa mawe. Gofu la Gbadolite, likiachwa kama gofu na kuelezwa vema, laweza kumfundisha kijana wa Kongo siasa kuliko hotuba mia. Likifanywa jipya, litamfundisha tamaa tu. Kadhalika Husuni Kubwa: anayelionyesha na kutaja birika bila kutaja watumwa amehifadhi nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye faida zaidi kwetu.

Basi hatusemi lianguke. Ukuta wa mkosaji ukianguka, ushahidi wa waliokosewa huanguka pamoja nao. Lakini twasema: mwenye kutoa fedha na mwenye kuzipokea wapatane kwanza habari gani itasimuliwa mlangoni.

Kinachobaki mgeni akiondoka

Kuna hoja ya tatu. Msaada wa magofu, kama kila msaada, hupimwa siku mtoaji anapoondoka.

Fundi wa pwani anajua jambo hili: ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa hauelewani na saruji. Chokaa huacha ukuta upumue; unyevu huingia na kutoka. Saruji hufunga. Maji ya chumvi yakiisha kuingia ndani hayatoki, na baada ya miaka michache jiwe hulika kutoka ndani. Kwa hiyo mtengenezaji mwenye haraka na mifuko ya saruji huua ukuta aliokuja kuuponya. Lazima matumbawe yachomwe yawe chokaa, chokaa izimwe kwa maji, ingojewe, ichanganywe na mchanga. Kazi hiyo ni ya watu wa mahali, nayo haina haraka. Kijana wa Kilwa aliyefundishwa kuchoma chokaa na kujenga amepata ufundi. Fedha zikiisha, mikono yake haikuisha. Huo ndio msaada mwema: umetengeneza ukuta na fundi pamoja.

Lakini fedha nyingi peke yake si dawa. Huko Unguja liko jumba liitwalo Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Serikali ya Oman ilikubali kugharimia matengenezo yake, na kazi ilikuwa imeanza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ikaanguka, na watu wawili wakafa. Wahenga wasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule uliachwa muda mrefu mno, mpaka fedha ilipofika ikakuta nyumba imechoka. Tena hapo pana somo juu ya jiwe na uhai: waliokufa walikuwa watu. Ni nani basi aliyesema kwamba kuta za kale hazihusu uhai?

Tutoe na mfano mwema. Uganda, mahali paitwapo Kasubi, ni makaburi ya Makabaka. Nyumba yake kubwa si ya mawe; ni ya miti, matete na majani, kama walivyojenga wakubwa wetu. Ilikuwa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, iliyojengwa mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. Tarehe 16 Machi 2010 ikaungua. Japani ikatoa msaada kwa njia ya UNESCO. Lakini Waganda hawakukaa kungoja. Waziri mkuu wao, Katikkiro Charles Peter Mayiga, akazunguka nchi akiomba mchango aliouita tofali, na maskini wakatoa chao. Ezeko likawa kazi ya ukoo wa Ngeye, kama mila inavyotaka. Mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha ya hatari. Hapo mgeni alisaidia mwenye nyumba. Hakujenga nyumba ya mtu aliyelala. Twakumbuka methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye fedha naye apewe jembe, yaani alime katika shamba tulilolianza sisi.

Kwetu Masisi na Walikale

Sasa tujiulize: kama mgeni angekuja kwetu, angetengeneza nini? Hatuna Husuni Kubwa. Nyumba za bami wetu zilijengwa kwa miti na majani, nazo zimerudi udongoni. Mtu mjinga atasema: basi hamna kitu. Si kweli.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, msimulizi mmoja aitwaye Rureke alikaa akaimba na kusimulia habari za Mwindo, mwana wa mwami Shemwindo. Aliyeandika ni Mbelgiji Daniel Biebuyck, pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, mwana wa Wanyanga wenyewe. Kitabu kikatoka mwaka 1969. Ni habari za mtoto ambaye baba yake alitaka kumwua, naye akamshinda baba, na mwisho akapatana naye, wakagawana nchi. Fedha za kazi ile hazikutoka Walikale. Bila shaka hata siku zile kijiji kilikuwa na wagonjwa na wenye njaa, na mtu angeweza kusema: kwa nini kupoteza karatasi kwa mzee anayeimba? Lakini leo, baada ya vita vingi hivi, Mnyanga aliyekimbilia mji wa mbali aweza kumsomea mtoto wake habari hizo katika lugha yake. Ukuta haubebeki mtu akikimbia. Neno labebeka.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote, ijapokuwa ni chungu. Hapa kwetu kumbukumbu si pambo la ukutani. Yaweza kuwa mkuki. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu wengi kutoka Rwanda ikawaleta Masisi, na kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1955. Wenyeji waliona nchi yao imegawanywa bila wao kuulizwa. Waliohamishwa nao hawakuulizwa sana, na watoto wao wakazaliwa hapa wasijue kwao kwingine. Mwezi Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, Walikale, na moto ukaenea Masisi. Kila upande una hadithi zake juu ya kilima fulani, kaburi fulani, mti fulani wa mpaka. Na mara nyingi swali lililo chini ya hadithi hizo ni moja: nani ni mwenyeji, na nani aondoke?

Basi fikiri: mgeni aje na fedha nyingi, achague kilima kimoja, asimike ukumbusho, aandike juu yake jina la kabila moja. Yeye atasema amehifadhi utamaduni. Wenye kilima cha pili watasema amewahukumu. Huko Kilwa kosa katika kuchagua ukuta laleta hasara ya ukuta. Masisi kosa katika kuchagua kumbukumbu laweza kuleta maiti. Ndiyo maana hatukubali neno la wale wasemao kwamba mambo ya kale ni starehe ya watu walioshiba. Kwetu mambo ya kale yameua watu, na kwa hiyo kuyashika kwa haki ni kazi ya amani, kama kazi ya kugawa chakula ilivyo kazi ya amani.

Hukumu yetu

Tukusanye sasa maneno yetu. Je, ni haki mataifa kutoa fedha kwa magofu watu wakiwa na njaa? Twajibu: yaweza kuwa haki, lakini si kila mara, na vipimo vyake ni vinne.

Kwanza, uhai utangulie. Mtoaji aliyefunga mfuko wa chakula na kuufungua wa kuta amegeuza utaratibu, hata kama kuta zake ni nzuri sana.

Pili, mwenye mahali awe ameomba, naye awe ametoa tofali lake, hata likiwa dogo. Kitu ambacho wenyewe hawakukitolea jasho hakitatunzwa na wenyewe.

Tatu, mgeni akiondoka abaki fundi, na hesabu ibaki wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati ya kijiji isiyosomewa hesabu si kamati, ni kivuli.

Nne, habari itakayosimuliwa iwe nzima. Ikiwa ni jumba, watajwe na waliochimba, na waliobeba, na waliouzwa. Ikiwa ni kilima chenye watu wa namna mbili, wakae wote wawili chini, wasikilizane kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Iko bado habari moja ya Kilwa. Ibn Battuta aeleza kwamba Baba wa Zawadi alipokufa, ndugu yake Dawud alikaa mahali pake, naye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mwombaji akija, alimjibu kwamba mpaji amekufa, wala hakuacha kitu cha kupewa watu. Sisi tumesikia jibu la namna hiyo mwaka 2025, kutoka kwa mtoaji ambaye tulidhani hataondoka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wale waliojua kusimama kidogo kwa miguu yao waliyumba. Wale waliokuwa wamelala juu ya mkono wa mpaji walianguka.

Kwa hiyo tusingoje tajiri aje kutuchagulia cha kukumbuka. Kazi ya kwanza haitaki dola. Kila mwalimu wa Masisi na Walikale, wa kila kabila, apate daftari, na wanafunzi wake wakubwa wawaendee wazee wakaandike: majina ya vilima, na nani alipita, na nani alipokewa na nani, na mapatano yaliyofanywa, si vita tu. Wazee hao wanakufa kila msimu, wengine njiani. Daftari likijaa, wakitokea wageni wa kutusaidia kulipiga chapa, na watokee, tutawashukuru. Watakuta sisi tumekwisha kuchoma chokaa yetu.